Oili ya magari ya mbio kwenye bodaboda: hesabu haikubali

MBIO za Safari Rally ziliporejea kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, Naivasha haikupata madereva na watazamaji tu. Ilipata pia biashara. Kampuni za vilainishi zinapenda mbio za magari kuliko tangazo lolote la redio, na baada ya vumbi kutulia, kopo lenye picha ya gari la mbio huendelea kukaa kwenye rafu za maduka ya spea hadi mikoani.

Wanaolinunua si wenye magari ya mbio. Hao ni wachache, na oili yao huchaguliwa na wahandisi wa timu. Wanaolinunua ni vijana wa bodaboda, wenye pampu za kumwagilia nyanya na wachuuzi wanaopeleka maziwa alfajiri. Wameambiwa kwamba oili inayoweza kulihimili gari la mashindano haiwezi kushindwa na pikipiki ya sentimita za ujazo 125.

Hoja hiyo inavutia, lakini ina kasoro. Inachukulia kwamba oili ya mbio ni oili ya kawaida iliyoongezwa ubora. Ukweli ni kwamba ni oili ya kazi nyingine, na kinachoitofautisha zaidi na ile anayoihitaji mkulima ni umri wake wa kufanya kazi.

Mfano ulio wazi zaidi uko Marekani, kwenye mbio za magari ya dragi ya daraja la juu, yale yanayochoma nitromethani. Gari hukimbia sekunde chache tu kwenye barabara iliyonyooka. Mafuta mengi ambayo hayakuungua hupenya kwenye ringi na kuingia kwenye sampu, kwa hiyo oili inayotumika ni nzito sana, hadi daraja la SAE 70. Mbio zikiisha, mafundi huifungua injini na oili yote humwagwa. Maisha ya oili hiyo yamekwisha.

Kwa upande mwingine, injini za Formula One hutumia oili nyepesi, kwa kuwa nafasi kati ya vyuma vyake ni ndogo mno na injini hupashwa moto kabla ya kuwashwa. Hivyo hata kwenye mbio zenyewe hakuna kitu kimoja kinachoitwa oili ya mbio. Kuna oili ya injini fulani, kwa mashindano fulani, kwa muda fulani.

Neno "Racing" lililoandikwa kwenye kopo nalo si daraja la ubora. Taasisi ya Petroli ya Marekani, API, haina daraja hilo. Wajapani walioweka viwango vya JASO kwa ajili ya pikipiki hawana pia. Ni jina la biashara, na mwenye kiwanda yuko huru kuliandika juu ya oili yoyote.

Injini inayozunguka sana ni ipi?

Hapa ndipo jambo linapogeuka. Katika kijiji cha kawaida cha Tanzania au Kenya ipo injini inayozunguka kwa kasi kubwa, na si ya gari. Ni ya pikipiki.

Trekta la Massey Ferguson 135 au 240 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu hufikia mizunguko 2,250 kwa dakika. Pistoni yake husafiri milimita 127 kwenda juu na kiasi hicho hicho kurudi chini. Ukipiga hesabu, kasi ya wastani ya pistoni ni mita 9.5 kwa sekunde.

Pikipiki ya aina ya Honda CG125, ambayo ndiyo mama wa pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria na magunia katika ukanda huu, ina pistoni inayosafiri milimita 49.5 tu. Lakini inapovutwa hadi mizunguko 8,500 kwa dakika, kasi hiyo hufika mita 14 kwa sekunde. Ni mizunguko zaidi ya 140 katika sekunde moja.

Injini ya Formula One ya lita 2.4 iliyotumika miaka ya 2006 hadi 2013, ambayo tangu 2009 ilizuiwa isivuke mizunguko 18,000, ilifika takriban mita 24 kwa sekunde. Kwa kipimo hiki, bodaboda iliyobebeshwa magunia mawili ya viazi kwenye kilima, ikiwa gia ya pili, iko kati ya trekta na Formula One.

Magari ya Safari Rally yenyewe hayazungushwi kama inavyodhaniwa. Tangu 2011 daraja la juu linatumia injini ya lita 1.6 yenye turbo, na sheria zinalazimisha hewa ipite kwenye tundu dogo. Hewa ikishabanwa hivyo, kuongeza mizunguko hakuongezi nguvu kwa kiasi kikubwa.

Trekta lina karibu lita 7 za oili, radieta, chujio na gia zenye mafuta yake. Pikipiki ina lita moja au pungufu. Lita hiyo moja inalainisha pistoni na kempshafti, inapoza injini isiyo na maji, inalainisha gia zote, na klachi nayo inaogelea humo humo. Hakuna oili nyingine kijijini inayofanyishwa kazi nyingi kiasi hicho.

Klachi ndiyo hakimu

Kwa sababu ya klachi hiyo, oili nzuri ya gari ndogo inaweza kuwa oili mbaya ya pikipiki. Watengenezaji wa magari wanataka petroli iokolewe, kwa hiyo oili nyingi nyepesi za siku hizi zimetiwa viambato vya kupunguza msuguano. Kwenye injini ya gari hilo ni jema. Kwenye klachi inayofanya kazi kwa msuguano, ni sawa na kupaka sabuni mikononi kisha kushika mpini wa jembe.

Dalili zake waendesha bodaboda wanazijua, ingawa wengi huilaumu klachi yenyewe: injini inanguruma, mizunguko inapanda, pikipiki haisogei inavyotakiwa. Fundi anabadilisha sahani za klachi, oili ile ile inarudishwa, na baada ya muda tatizo linarudi.

Wajapani waliliona hili mapema. Mwaka 1998 wakaweka kiwango cha JASO T 903 kwa oili za pikipiki za mipigo minne. Oili hujaribiwa kwenye klachi, kisha hupewa herufi. MA, pamoja na MA2 yenye mshiko mkubwa zaidi, ni ya pikipiki ambazo klachi iko ndani ya oili ya injini. MB ina msuguano mdogo na inafaa skuta ambazo klachi yake iko pembeni, pakavu. Kwa bodaboda za kawaida herufi ya kutafuta ni MA au MA2. Huandikwa ndani ya kisanduku kidogo nyuma ya kopo, pamoja na namba ya usajili.

Kuna jambo jingine ndani ya kiwango hicho ambalo wauzaji hawalisemi. Mashabiki wa magari ya mbio hutafuta oili yenye zinki na fosforasi nyingi, kwa sababu viambato hivyo hulinda kempshafti chuma kinapokutana na chuma. Kwenye oili nyepesi za magari ya kawaida, API ilibana fosforasi isizidi asilimia 0.08 mwaka 2004, ili isiharibu mitambo ya kusafisha moshi. JASO kwa pikipiki inaruhusu kati ya asilimia 0.08 na 0.12.

Maana yake ni kwamba kinga wanayoilipia sana wenye magari ya mbio tayari imo ndani ya kopo la kawaida la oili ya pikipiki, lisilo na picha ya gari lolote.

Namba zilizobaki kwenye kopo ni mbili, na hazihitaji shahada. Ya kwanza ni uzito: 10W-30, 20W-40, 20W-50. Tarakimu iliyo kabla ya W inahusu baridi. Oili ya 20W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini kuwaka kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, na 10W kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri. Njombe na Kinangop kuna baridi, lakini si baridi hiyo. Anayelipa zaidi ili apate 0W au 5W kwa ajili ya kuwasha asubuhi, sehemu ya fedha yake inanunua kinga dhidi ya theluji ambayo hatakutana nayo.

Tarakimu ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa Afrika Mashariki, maana inaeleza oili inavyobaki nzito ikifika nyuzi 100 za Selsiasi. Kitabu cha pikipiki ndicho cha kufuatwa. Honda nyingi ndogo za sasa huandikiwa 10W-30, wakati Bajaj nyingi huandikiwa 20W-50. Mmoja hana haki ya kumcheka mwenzake, kwa kuwa injini zao zimechongwa kwa vipimo tofauti. Kumwaga 50 kwenye injini iliyoundwa kwa 30, eti kwa sababu nchi ni ya joto, hufanya oili ichelewe kufika juu kwenye kempshafti kila injini inapowashwa.

Namba ya pili ni daraja la API. Kwa injini za petroli herufi huanza na S: SJ, SL ya mwaka 2001, SM ya 2004, SN ya 2010 na SP ya 2020. Kadiri herufi ya pili inavyosonga mbele ndivyo daraja lilivyo jipya. Lakini ndani ya duara la API, chini, kama pameandikwa "Resource Conserving", hiyo ni oili ya kuokoa petroli kwenye gari. Kwa pikipiki yenye klachi ndani ya oili, kopo hilo libaki dukani.

Gharama kwa kilomita

Mkulima hununua mbolea kwa kuangalia mavuno ya eka, si bei ya mfuko peke yake. Oili nayo inastahili hesabu kama hiyo.

Chukua mfano wa mwendesha bodaboda anayetembea kilomita 120 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hizo ni kilomita 720. Tuseme ananunua kopo la lita moja lenye alama ya MA kwa Sh12,000 za Tanzania na kumwaga oili kila baada ya kilomita 2,000. Oili inamgharimu Sh6 kwa kilomita. Mwenzake ananunua kopo la mbio kwa Sh36,000 na kulimwaga kwa umbali ule ule. Analipa Sh18 kwa kilomita, yaani Sh8,640 zaidi kila wiki. Kwa wiki nne ni Sh34,560. Bei hizi ni za mfano; kila mtu aweke za duka lake.

Mwenye kopo la bei kubwa atajibu kwamba lake litakwenda kilomita 6,000, hivyo watalingana. Hapo ndipo hoja ya umri inapomshinda. Oili ya mbio halisi kwa kawaida hutiwa viambato vichache vya kusafisha injini, kwa sababu mwenye gari hatarajii kukaa nayo. Viambato hivyo ndivyo vinavyoshika masizi na asidi visigande kwenye ringi. Isitoshe, meno ya gia za pikipiki huzikatakata molekuli zinazoifanya oili ibaki nzito kwenye joto, na petroli inayovuja kutoka kwenye chambaa kila asubuhi huizimua. Oili yenye kinasaba bora hustahimili zaidi, lakini vumbi halichagui kinasaba.

Ikiwa kopo hilo ni la sinthetiki kweli, lina MA2 na uzito unaolingana na kitabu, si oili mbaya. Kwa pikipiki mpya inayofanya safari ndefu za lami, inaweza kurudisha sehemu ya gharama. Kwa ile inayoingia shambani, fedha ile ile ikitumika kumwaga oili mapema na kununua chujio la hewa hufanya kazi kubwa zaidi.

Chujio la hewa linastahili aya yake. Kedong, karibu na Naivasha, kuna vumbi laini kama unga ambalo madereva wa mbio hulihofia kuliko mawe, na timu huhangaika zaidi kulizuia lisiingie kwenye mdomo wa injini. Wenye fedha zote za oili wanajua kwamba vumbi likishapita kwenye chujio, ni mchanga unaosaga silinda, na hakuna oili ya kuutibu. Mwendesha bodaboda anayetoa chujio ili pikipiki "ipumue", kisha akanunua oili ya gharama, amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Historia ya biashara hii ina funzo ambalo mkulima atalielewa haraka. Jina Castrol, ambalo wazee wanalikumbuka kwenye Toyota Celica zilizoshika nafasi nne za kwanza Safari Rally mwaka 1993, lilitungwa mwaka 1909 kutokana na jina la Kiingereza la mafuta ya mbarika, mti ambao wengine huuita mnyonyo. Ule ule unaoota ovyo kando ya majalala. Mafuta ya mbarika hung'ang'ania chuma kwenye joto kali, kwa hiyo yalipendwa kwenye ndege za mwanzo na magari ya mashindano, na hata leo yapo kwenye oili za magari madogo ya mbio. Lakini yakikaa huganda kama gundi. Mwenye gari la mbio hakujali, kwa kuwa aliyamwaga baada ya mashindano. Mwenye lori hakuweza kuyatumia. Zaidi ya miaka 100 baadaye, tofauti kati ya wateja hao wawili ni ile ile.

Kwa trekta jambo ni jepesi zaidi. Injini ya dizeli hutengeneza masizi mengi na inahitaji oili yenye uwezo wa kuyabeba, ya daraja linaloanza na C, kama vile CH-4 ya mwaka 1998 au CI-4 ya 2002, mara nyingi kwa uzito wa 15W-40. Kuitia oili ya mbio ni kupoteza fedha. Oili ya dizeli ikigeuka nyeusi baada ya siku chache haina maana kwamba imechakaa. Inafanya kazi yake.

Pampu ndogo za maji za aina ya Honda GX160 zinazunguka mwisho 3,600 kwa dakika. Sampu yake inachukua kama lita 0.6, haina chujio la oili, na 10W-30 ya daraja la SJ au jipya zaidi inatosha. Kinachoziua ni kusahaulika. Pampu inayofanya kazi saa 8 kwa siku kwenye bustani ya vitunguu haina kilomita za kuhesabu, hivyo mwenye nayo anapaswa kuandika saa kwenye daftari.

Oili bandia

Hesabu zote hizi zinaanguka iwapo kilichomo kwenye kopo sicho kilichoandikwa. Oili chafu iliyochujwa na kutiwa rangi hurudi sokoni kwenye vidumu halisi vilivyookotwa. Kopo la bei kubwa ndilo linalomvutia zaidi mghushi, kwa sababu faida yake ni nene, jambo ambalo linampa mnunuzi wa kopo la mbio hatari ya ziada.

Nchini Tanzania, EWURA inadhibiti biashara ya vilainishi, TBS inasimamia viwango na Tume ya Ushindani inashughulikia bidhaa bandia. Kenya kuna KEBS na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Hata hivyo, mkaguzi hawezi kufika kwenye kila kibanda cha spea, na duka linalouza oili ya kupima kutoka kwenye pipa halimwachii mteja alama yoyote ya kusoma.

Mwenye duka dogo naye ana la kufanya bila kusubiri serikali. Mtaji wake haumtaki ajaze rafu kwa aina 15. Oili ya pikipiki yenye MA kwa uzito wa aina mbili, 15W-40 ya dizeli, 10W-30 ya pampu na oili ya kuchanganya na petroli kwa mashine za mipigo miwili vinawatosha wateja wengi wa kijijini. Anunue kwa wakala anayetoa risiti, na aitunze risiti hiyo, kwa sababu injini ya mteja ikinoki ndiyo itakayoonyesha mzigo ulitoka wapi. Vidumu vitupu vinavyoachwa na mafundi mbele ya duka avitoboe kwa msumari siku hiyo hiyo, kabla wanunuzi wa vidumu hawajapita.